Barua ya wazi kwa wasimamizi wa dawa na afya: msichome faili la mama wakati mtoto bado yu hai

Kwa mawaziri wa afya, wakuu wa mamlaka za dawa, waganga wakuu wa hospitali na wasimamizi wa mifuko ya bima, katika nchi zote ambako wajawazito waliwahi kupewa DES.

YAH: WATOTO WALIOPATA DAWA WAKIWA TUMBONI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu dawa ambayo wengi wenu mlifundishwa darasani kama kisa kilichokwisha. Jina lake kamili ni dayethilistilbestroli, lakini wagonjwa na madaktari kwa pamoja wanaiita DES. Ni estrojeni iliyoundwa maabara, na kwa takriban miongo mitatu wanawake waliandikiwa ili mimba zao zisitoke. Mwishoni mwa 1971 Marekani ilitangaza kuwa mjamzito hafai kupewa. Ufaransa ikafuata mwaka 1977, na ziko nchi za Ulaya zilizoendelea kuitoa hata baada ya hapo.

Najua basi swali la kwanza litakalokuja mezani: mbona barua leo? Kwa sababu watoto wa mwisho wa DES huko Marekani ndiyo kwanza wana miaka hamsini na kitu. Wako hai, wanafanya kazi, wanakaa kwenye mabenchi ya kliniki zenu wakisubiri kuitwa. Wengine hawajui kama ni watoto wa DES. Wengine wanajua, au wanahisi, ila hawana karatasi ya kuonyesha. Karatasi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Madhara ya dawa hii yanaishi muda mrefu kuliko kumbukumbu zenu. Hospitali hutunza faili kwa miaka kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana mara ya mwisho, kisha huliteketeza kwa mujibu wa kanuni, wakati mwili wa mtoto aliyekuwa tumboni siku ile bado unaendelea kutoa ushahidi.

Nirudi nyuma kidogo, maana jinsi jambo lilivyoanza inaeleza kwa nini ushahidi umetawanyika. Mwaka 1938 mwanakemia wa London, Charles Dodds, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wamepata kitu kinachofanya kazi ya estrojeni bila kuwa na umbo la estrojeni ya mwilini. Kilikuwa rahisi kutengeneza, bei yake chini, na mtu alikimeza kama kidonge cha kawaida, wakati homoni asilia ilikuwa ghali na ikimezwa haikufanya kazi vizuri. Kwa kuwa fedha za utafiti zilikuwa za umma, hakikuwekewa hataza. Kila kiwanda kilichotaka kikakitengeneza. Marekani peke yake vilifika kama mia mbili, na vidonge vikatoka kwa majina, ukubwa na rangi tofauti. Lishikeni hilo la viwanda mia mbili. Nitalihitaji nikifika kwenye mahakama.

Mwaka 1947 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu DES itumike kwa mimba zilizo hatarini kutoka. Nguvu ya hoja ilitoka Boston, kwa mume na mke, George Smith na Olive Smith, waliokuwa watu wenye heshima katika fani yao. Waliamini kuwa mimba nyingi huharibika kwa sababu homoni za mama hushuka, na kwamba DES ingezipandisha. Ratiba yao ilianza na miligramu 5 kwa siku karibu na wiki ya saba, ikapanda kidogo kidogo mpaka miligramu 125 kwa siku wiki ya 35. Mwaka 1948 Olive Smith alichapisha taarifa ya mimba 632 zilizotibiwa hivyo, na matokeo yakaonekana mazuri. Lakini hakukuwa na kundi la wanawake wasiopewa dawa ambao wangelinganishwa nao sawasawa. Mwanamke aliyepoteza mimba mara mbili, akipata daktari anayemjali, akapumzishwa, akaonwa kila mara, ana nafasi nzuri tu ya kuzaa salama hata ukimpa maji matupu. Taarifa ile haikuweza kutenganisha dawa na huduma.

Waliokwenda kuipima kwa haki walikuwa William Dieckmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago. Matokeo yao yalitoka 1953. Wanawake 840 walipewa DES, 806 wakapewa vidonge visivyo na dawa, na si daktari wala mgonjwa aliyejua nani kapata kipi. DES haikuzuia mimba kutoka. Haikupunguza watoto njiti. Haikuwapa watoto uzito. (Kwamba wengi wa wanawake wale hawakuambiwa kuwa wako ndani ya jaribio ni kesi nyingine, na kweli baadaye walikwenda mahakamani.) Mwaka 1978 watafiti wengine walizirudia takwimu hizo hizo za Chicago kwa hesabu makini zaidi, wakakuta kuwa waliomeza DES walipoteza mimba na watoto wachanga zaidi kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya kabati tangu 1953, likisubiri mtu wa kulisoma vizuri.

Baada ya 1953 vitabu vya ukunga vikaanza kuitilia shaka dawa, lakini kuandikwa kuliendelea kwa miaka 18 zaidi. Matangazo ya viwanda katika majarida ya madaktari yaliisifu kwa mimba zote, hata za wanawake ambao hawakuwa na tatizo lolote, kwa ahadi ya watoto wakubwa na wenye nguvu. Mahali pengine iliunganishwa na vitamini. Kwa hiyo wako akina mama ambao wakiulizwa leo kama waliwahi kumeza homoni watasema hapana, na hawadanganyi. Walichoambiwa ni kuwa wanameza vitamini.

Tunafika Boston tena. Kati ya 1966 na 1969, madaktari wa Massachusetts General Hospital walianza kuona saratani ya uke ya aina adimu mno kwa wasichana. Saratani ile ikionekana kwa nadra, ilionekana kwa wanawake wazee. Sasa walikuwa mabinti wa kati ya miaka 15 na 22. Madaktari hawakuelewa. Fununu ya kwanza haikutoka maabara. Mama mmoja wa mgonjwa alimwambia daktari Howard Ulfelder kuwa alipokuwa na mimba ya binti yule alipewa DES, akauliza kama inaweza kuwa ndiyo sababu. Walipoanza kuwauliza wengine, mama saba kati ya wanane walikuwa wameitumia. Kati ya akina mama 32 waliochaguliwa kwa kulinganishwa, ambao mabinti zao walikuwa wazima, hakuna hata mmoja. Arthur Herbst, Ulfelder na David Poskanzer waliyachapisha haya Aprili 1971, katika kurasa chache tu.

Nawaomba mkitazame kisa hiki kwa jicho la msimamizi. Ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya dawa hii ulisimama juu ya vitu viwili: mama aliyekumbuka na faili lililokuwepo bado. Mabinti walikuwa wadogo, mama walikuwa hai na akili timamu, na rekodi za mimba zilikuwa hazijatupwa. Lau saratani ile ingesubiri mpaka mabinti wafike miaka 50, pengine tusingejua mpaka leo. Saratani nyingine zinasubiri.

Sasa niseme dawa inafanya nini, kwa maana bila kuliona hili mtu anaweza kudhani kuwa mtoto akizaliwa salama mambo yamekwisha. Mtoto akiwa tumboni, estrojeni ya mama haimfikii kiholela. Damu yake ina protini zinazoikamata na kuizuia. DES haikamatwi vizuri na protini hizo; ilivuka kondo la nyuma na kupita huru mpaka kwenye viungo vinavyojengwa. Na viungo vya uzazi vya kike hujengwa mapema, katika miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi daktari alikuwa akianzisha dozi. Uke wa kijusi huanza ukiwa na seli za aina ya tezi, kisha seli bapa hupanda na kuchukua nafasi yake, kama sakafu mpya inavyotandazwa juu ya ile ya zamani. DES ilikatiza kazi hiyo. Ikaacha mabaka ya seli za tezi mahali ambapo hazikutakiwa kubaki.

Mabaka hayo mtu anaweza kuyaona kwa macho. Daktari akiweka spekula, kifaa cha kupanulia uke, na kupaka iodini, ukuta mzima wa uke hugeuka rangi ya kahawia nzito, kwa sababu seli bapa zimejaa sukari ya akiba inayonyonya iodini. Kwa binti wa DES, sehemu fulani hukataa rangi. Hubaki nyekundu au zimepauka, zenye mipaka kama visiwa kwenye ramani, wakati mwingine karibu na mlango wa kizazi, wakati mwingine zimeshuka chini kabisa. Daktari anayepima mlango wa kizazi peke yake, akachukua seli pale na kuondoa spekula bila kuzungusha macho, anaviacha visiwa vile bila kuviona. Kipimo kinachofaa huchukua seli pande zote nne za uke, na vidole hupapasa ukuta mzima kutafuta kivimbe. Ni dakika chache zaidi. Lakini hakuna atakayezitumia dakika hizo asipojua kuwa anayempima ni binti wa DES.

Saratani ile yenyewe, nashukuru, ni adimu: kama binti mmoja kati ya elfu, ingawa hiyo ni takriban mara 40 ya wanawake wengine. Sipendi kumtisha mtu. Wengi wa mabinti hawa hawatapata saratani hiyo. Kilichowakuta wengi ni kingine, na hapo ndipo unapohisi uchungu wa jambo lote. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mabinti zaidi ya 4,600 wa DES pamoja na wanawake zaidi ya 1,900 wasioipata. Kufikia umri wa miaka 45, asilimia 33.3 ya mabinti wa DES walikuwa wamepata ugumba, dhidi ya 15.5. Mimba nje ya kizazi ilikuwa asilimia 14.6 dhidi ya 2.9. Mimba kuharibika katika miezi ya kati, 16.4 dhidi ya 1.7. Kuzaa kabla ya wakati, 53.3 dhidi ya 17.8. Kifo cha mtoto mchanga, 7.8 dhidi ya 0.6. Yaani dawa waliyopewa mama ili wasipoteze mimba ndiyo iliyowafanya mabinti wapoteze za kwao. Kizazi cha baadhi yao kina umbo la herufi T, chembamba, kisichotanuka inavyopasa. Kukoma hedhi mapema kuliongezeka, na saratani ya matiti baada ya miaka 40 nayo ikaongezeka, 3.9 dhidi ya 2.2, na huo ndio umri walionao sasa.

Watoto wa kiume wamesahauliwa hata katika kusahauliwa huku. Imeonekana kwao uvimbe wa majimaji kwenye mrija ulio nyuma ya korodani, na korodani kutoshuka. Hawakuwa na saratani ya ghafla ya kuwapeleka kwenye magazeti, kwa hiyo waliitwa wachache, wakafuatiliwa wachache, na leo ukitafuta mwongozo wa kumhudumia mwanamume wa DES utapata mistari michache tu.

Na wajukuu? Hapo lazima tuseme kwa uangalifu. Uholanzi mwaka 2002 iliripoti kuwa wana wa mabinti wa DES walizaliwa mara nyingi zaidi na tundu la mkojo lisilo mahali pake. Tafiti zilizofuata zilikuta uhusiano pia, ingawa mdogo kuliko ule wa kwanza. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani wakaripoti uhusiano kati ya bibi kumeza DES na wajukuu kupata tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Katika panya wa maabara, Retha Newbold na wenzake huko North Carolina walionyesha kuwa uvimbe hujitokeza hata kwa wajukuu ambao wao wenyewe hawakuguswa na dawa. Binadamu si panya. Lakini wajukuu wa DES wengi wao sasa ndio wanaingia umri wa kuzaa, na kuwafuata kunahitaji kujua bibi alimeza nini, lini, kiasi gani. Turudi basi kwenye faili.

Mchukulieni mwanamke aliyezaliwa mwaka 1958. Mama yake alifariki. Daktari aliyemzalisha alifariki pia, kliniki ikafungwa, kumbukumbu zikateketezwa miaka kumi au ishirini baadaye, kihalali kabisa. Amefika miaka 65. Kliniki inamwambia, kwa wema, kuwa vipimo vyake vya mlango wa kizazi vimekuwa safi miaka yote, basi hana haja ya kurudi. Kwa mwanamke wa kawaida ushauri huo ni sahihi. Kwa binti wa DES si sahihi, na miongozo ya Marekani yenyewe inasema wazi kuwa kikomo cha miaka 65 na nafasi ndefu kati ya kipimo na kipimo haviwahusu waliopata DES tumboni. Hata akiwa ameondolewa kizazi, uke umebaki na unahitaji kuangaliwa. Msamaha huo uko kwenye maandishi madogo. Muuguzi aliyeandika «amemaliza vipimo» hakukosea kwa kile alichokiona. Hakuna kisanduku katika fomu yake kinachouliza swali.

Kisha aende bima. Bima inalipa kipimo kimoja kila baada ya miaka mitatu au mitano. Akitaka cha kila mwaka aonyeshe uthibitisho. Uthibitisho gani? Ule uliochomwa. Hapa ndipo napata shida kuwaelewa, Waheshimiwa. Taasisi ile ile, au dada yake, iliyoweka kanuni ya kuteketeza faili ndiyo inayomdai mgonjwa faili. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Ninyi mmekwenda mbali zaidi, mnamwambia alete kisu kilichomkata.

Mahakama ziliuona upuuzi huu kabla yenu. California, mwaka 1980, katika kesi ya Sindell dhidi ya Abbott Laboratories, majaji walikabiliana na viwanda vile mia mbili. Binti hakuweza kujua kidonge cha mama yake kilitoka kiwanda kipi, na kila kiwanda kilijua kuwa hawezi kujua. Mahakama ikaamua kuwa viwanda vikubwa vigawane lawama kwa kadiri ya sehemu ya soko ambayo kila kimoja kilikuwa nayo, isipokuwa kile kitakachothibitisha kuwa hakikuhusika. Ufaransa, mwaka 2009, Mahakama ya Kasasheni, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa katika kesi kama hizi, ilisema jambo linalofanana: mwanamke akishathibitisha kuwa DES ndiyo iliyomdhuru, ni kampuni zilizoiuza ndizo zithibitishe kuwa si yao, na si yeye kuhangaika kuchagua kati yao. Uholanzi walifika kwenye mfuko wa fidia mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya kesi na mazungumzo. Sikubaliani na kila senti ya mipango hiyo. Ila kanuni moja iko wazi katika yote: pale ambapo upande wenye nguvu ndio uliopaswa kutunza kumbukumbu, kukosekana kwa kumbukumbu hakuwezi kuwa kinga yake. Mahakama imeweza kusema hivyo kwa viwanda. Kwa nini bima na hospitali za umma zinaendelea kusema kinyume?

Mtasema kuwa zama zile zimepita, kwamba dawa sasa zinachunguzwa. Zinachunguzwa, kweli, na nawapa heshima yenu. Lakini tazameni mfano wa karibu. Mwaka 2011 FDA iliidhinisha haraka sindano ya homoni nyingine, haidroksiprojesteroni kaproati, kwa wajawazito waliowahi kuzaa kabla ya wakati. Idhini ilikuwa na sharti la jaribio la pili la kuthibitisha. Jaribio hilo lilipotoka 2019 halikuonyesha faida. Idhini ikaondolewa 2023. Dawa hii si DES, na sitaki mama aliyechomwa sindano hiyo asome barua hii kwa hofu. Nataka mwone muda: miaka kumi na miwili ya kuwapa wajawazito homoni ambayo faida yake ilikuwa bado haijathibitika, na minne kati ya hiyo baada ya jibu kutoka.

Na watoto wao? Tunachokijua kidogo kinatoka mahali pa ajabu. Huko Oakland, California, kuanzia 1959 watafiti waliwaandikisha akina mama katika mfumo mmoja wa hospitali, wakahifadhi rekodi zao za ujauzito, dawa kwa dawa, na wakaendelea kuwafuata watoto kwa miaka zaidi ya sitini. Kwa sababu karatasi zile zilikuwepo, utafiti uliotangazwa 2021 uliweza kuangalia watoto ambao mama zao walipewa homoni hiyo hiyo katika miaka ya sitini, na ukakuta uhusiano kati ya dawa na saratani ukubwani. Waliopewa dawa walikuwa wachache, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Lakini hakuna nchi inayoweza hata kuuliza swali hilo kama haina rekodi ya aina ile. Nchi ngapi kati yenu zinayo?

Basi ombi langu kuu ni hili, na mengine yote yanategemea hilo. Rekodi ya dawa alizopewa mjamzito ihesabiwe kuwa ya watu wawili. Itunzwe kwa maisha yote ya mtoto, sio kwa miaka kadhaa baada ya mama kuonekana mara ya mwisho, na mtoto akifikia utu uzima awe na haki ya kuiomba bila kupitia kwa mama yake, maana mama anaweza kuwa amekufa, au wamegombana, au ana aibu. Zamani mngesema kabati hazitoshi. Leo orodha ya dawa za mimba nzima inakaa kwenye mafaili ya kompyuta yasiyo na uzito wowote. Jina la dawa, dozi, wiki iliyoanza, wiki iliyoisha, kiwanda, namba ya toleo. Si zaidi ya hapo.

Kwa wale ambao rekodi zao zimeshapotea, acheni kudai kisichokuwepo. Neno la mama, neno la dada mkubwa aliyekumbuka vidonge, mwaka wa kuzaliwa pamoja na mimba zilizotoka kabla yake, kizazi chenye umbo la T, mabaka yanayokataa iodini: daktari akiviona viwili vitatu kati ya hivi aandike «huenda alipata DES», na bima ilipe kipimo cha kila mwaka, bila kikomo cha umri. Gharama yake ni ndogo. Na ongezeni swali katika fomu ya kliniki ya wanawake waliozaliwa miaka ile, na ya wanaume pia: je, mama yako alipewa dawa yoyote ya kuzuia mimba isitoke? Muuguzi asiulize «DES». Wengi hawalijui jina hilo.

Mamlaka za dawa, kwenu nina moja tu. Dawa mpya inayoombewa idhini ya kutumiwa na wajawazito isihesabiwe kuwa imefuatiliwa kwa sababu tu mtoto alizaliwa na vidole kumi. Sajili nyingi za ujauzito hufungwa mtoto akifika mwaka mmoja au pungufu. Mabinti wa Boston walizaliwa wakiwa na vidole kumi, na wakakaa salama miaka 15.

Kuna jambo haliwezi kungoja sheria, bajeti wala kamati. Akina mama waliomeza DES, wale waliobaki, wengi wao wana miaka themanini na tisini. Wako kwenye nyumba za wazee, wako kwa watoto wao, wako wodini kwenu kwa sababu ya moyo na nyonga. Ndio pekee wanaokumbuka rangi ya kidonge, jina la daktari, mwezi alioanza kukimeza. Hakuna anayewauliza, kwa kuwa wanakuja na magonjwa mengine na dawa ile haimo katika orodha ya wanazomeza sasa. Mpeni kila muuguzi wa wazee swali hilo moja pamoja na mstari mmoja wa kuandika jibu, na jibu likiwa ndiyo, mpigieni simu mtoto. Hili mnaweza kulianza wiki ijayo kwa waraka wa ukurasa mmoja wenye sahihi zenu.

Nasubiri majibu yenu, nami nitayachapisha kama nilivyoichapisha barua hii.

Wenu,
Mwandishi wa masuala ya afya ya uzazi